Hii Si Skrepa, Kijana

Saa moja asubuhi, chai haijachemka, mtu anapiga hodi na mzani mkononi. Mkokoteni kauacha chini barabarani, maana mawe ya mlima wetu wa Mabatini, Mwanza, hayataki gurudumu. Jasho linamtiririka, na macho hayako kwangu. Yako kwenye mashine yangu ya kukereza vyuma.

“Shikamoo mzee. Hii tunapima kwa kilo?”

“Marahaba. Hii si skrepa, kijana. Inatengenezwa.”

“Tangu lini?”

Dharau kabisa hiyo. Nikakaa vizuri kwenye stuli, nikakunja nne kama diwani. Nikamweleza kwamba mzani wake unaishia kilo 50 na mashine inapita 500. Akasema si tatizo, nyundo anayo. Chuma cha kusubu kinapasuka, atashusha vipande. Kilichoniuma ni kwamba kasema kweli. Kinapasuka. Ndiyo maana waliopandisha mashine hii niliwapigia kelele mpaka sauti ikakauka: mkia sukumeni mwisho usawazishe uzito, kamba pitisheni chini ya kitanda, yaani mwili mrefu wa mashine, msiinulie kwenye skrubu ndefu inayokokota kisu, ikipinda hiyo basi tena! Wakaitikia “sawa mkuu”, wakafunga kamba kwenye skrubu.

Nikaona nimfundishe. Nikamwonyesha reli: karibu na chaki (si ile ya ubaoni, hii ina meno matatu ya kushika kazi) ndipo zinapolika, kwa kuwa kazi nyingi ni fupi na zote hufanyiwa hapo. Kaza kibebea kisu pale palipolika kiteleze bila kuchezacheza, halafu kisukume kuelekea mkiani. Kikianza kubana, reli zimekwisha kwa mbele. Na ukimwona mtu anazing'arisha kwa grainda, mnyang'anye grainda kwanza, salamu baadaye.

Kijana anatikisa kichwa kwa adabu, huku anagonga kitanda kwa kidole anasikiliza mlio.

Nikamwonyesha na gia. Mashine ni ya Uingereza, skrubu yake imekatwa kwa inchi, nyuzi 8, yaani mizunguko 8 ya skrubu, kila inchi. Hapa boliti za watu ni za milimita. Sasa inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Bila gia ya meno 127 ya kugeuza inchi kuwa milimita, nyuzi za milimita unazikata kwa kukaribia tu. Na hiyo ndiyo iliyopotea, kabla mashine haijafika kwangu.

“Gurudumu kubwa, meno madogo madogo?” akauliza.

“Hilohilo!”

“Niliwahi kupima kama hilo. Lilikuwa na kilo mbili na ushee.”

Nikasimama. Stuli ikaanguka. “Liko wapi?”

“Lilienda kwenye tanuru, mzee. Sasa hivi litakuwa nondo.”

Nondo! Meno 127, yamehesabiwa na mtu mwenye akili zake, leo yameshikilia choo cha mtu huko Buswelu! Nikamwambia aondoke. Akauliza kama kuna betri mbovu.

Umeme nao usiniulize. Mota ni ya fezi tatu, mlima mzima una fezi moja. Inveta ya mota inakutolea tatu, ila kwa volti 230, kwa hiyo kibao cha mota kikisema 230/400 fundi aunge delta (pembetatu). Wangu kaunga sta (nyota), mota inalegea kama mgonjwa.

Kutu ndiyo inaniheshimu kidogo. Beseni la plastiki, maji lita 10, vijiko vitatu vya magadi, chaja ya betri ya volti 12. Waya mweusi kwenye kifaa chenye kutu, mwekundu kwenye kipande cha chuma cha kutupa. Ukigeuza, kinacholika ni kifaa chako. Hapo kwenye mwekundu usitumie chuma cha pua (kile kisichoshika kutu), kinatoa sumu, na fanyia nje, sigara mbali, maana mapovu yale ni gesi inayolipuka. Ukitoa, kausha na upake oili hapohapo. Ukichelewa, asubuhi utakuta kutu imerudi.

Mama watoto anaita. Makande yako jikoni tangu alfajiri, mahindi bado mawe, anauliza nani kachukua magadi.