Kabla ya Kuamuru Data Zirudi Nyumbani

Kuna hoja ambayo katika nchi nyingi zinazoendelea ukiipinga unaonekana kibaraka. Inasema data za raia zikae ndani ya mipaka ya nchi, na sheria imlazimishe kila mwenye benki, jukwaa au programu kuziweka huko. Anayetia shaka huambiwa analipwa na makampuni ya Marekani, au amesahau ukoloni ulivyoingia. Naona wapinzani hawa wanasomwa vibaya. Wengi wao hawana habari na maslahi ya Google. Ni mafundi wa mitandao, watu ambao kwa miaka wamehangaika kuhakikisha baruapepe inayotoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili haizunguki Ulaya kwanza. Kama kuna watu waliokwisha kurudisha data nyumbani kwa vitendo, ni hao.

Wanaotaka amri nao hawajazua malalamiko hewani. Juni 2013, Edward Snowden alipovujisha nyaraka za NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, dunia iliona jinsi mawasiliano yanayopita kwenye seva na nyaya za Marekani yalivyokuwa wazi kwa majasusi wake, na jinsi sheria ya huko inavyomkinga Mmarekani kuliko inavyomkinga mgeni. Kuna pia suala la ushahidi. Mpelelezi anayechunguza utapeli uliofanyika nchini mwake, baina ya raia wawili wa nchi yake, hulazimika kuiomba serikali ya Marekani impatie ujumbe ulio mikononi mwa kampuni ya huko. Jopo lililoundwa na Rais Obama mwaka huohuo wa 2013 lilikuta kwamba maombi ya aina hiyo huchukua takriban miezi 10 kwa wastani. Baada ya miezi 10 tapeli ameshabadilisha laini mara ngapi?

Tena wana mfano wa amri iliyofanya kazi. Aprili 2018 Benki Kuu ya India iliyapa makampuni ya malipo miezi sita yawe yamehifadhi data zote za malipo ndani ya India pekee. Makampuni yalilalamika, yakatafuta nafuu, mengine yakasuasua. Mwaka 2021 American Express na Mastercard zikazuiwa kusajili wateja wapya wa kadi hadi zitimize agizo, na zuio likaja kuondolewa mwaka uliofuata. Serikali ilisema, makampuni yakatii. Waziri wa nchi yoyote akisikia kisa hicho lazima atamani kukiiga.

Ila waziri huyo aangalie anaiga kutoka kwa nani. India ina watu zaidi ya bilioni moja, na hakuna kampuni ya kadi inayoweza kuondoka huko kwa hasira. Nchi ya watu milioni kumi ikitoa agizo lilelile, hesabu ya kampuni inakuwa nyingine: gharama ya seva, umeme wa akiba na mafundi inawekwa kwenye mizani na mapato ya soko dogo, na jibu la kawaida ni kupuuza agizo au kutoleta huduma kabisa. Hata nchi kubwa zimerudi nyuma. Indonesia, kwa kanuni ya mwaka 2012, ilitaka wanaoendesha mifumo ya huduma kwa umma waweke vituo vya data nchini. Mwaka 2019 ikailegeza kwa sekta binafsi. Brazil, ikiwa bado na hasira ya Snowden, ilitaka kuingiza sharti hilo katika sheria yake ya intaneti, Marco Civil. Sheria ilipopita mwaka 2014 sharti lilikuwa limeondolewa, na sidhani kama kuna anayeiita Brazil kibaraka.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo mjadala wa kisiasa haupendi kuligusa. Machi 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act, inayosema kwamba kampuni iliyo chini ya mamlaka yake hulazimika kutoa data ilizo nazo au inazozidhibiti, ziwe zimehifadhiwa ndani ya Marekani au nje. Maana yake ni hii: ukiilazimisha kampuni ya Kimarekani kujenga seva katikati ya mji wako mkuu, hati ya mahakama ya Marekani bado inaifikia. Umepata jengo, hukupata mamlaka. Na data zikiwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo, huku ufunguo uko kwa mwenyewe mtumiaji, hata seva ikiwa ng'ambo hakuna wa kuzisoma. Nani anashika ufunguo ni swali linalotangulia seva iko wapi. Lakini ufunguo haukatiwi utepe na mgeni rasmi, basi hauzungumzwi.

Sheria hiyohiyo ina mlango ambao wadai amri huupita bila kuutazama. Inaruhusu nchi nyingine kuingia makubaliano na Marekani ili wapelelezi wao waombe data moja kwa moja kwa kampuni bila kusubiri ule mlolongo wa miezi. Uingereza ilitia saini Oktoba 2019, Australia Desemba 2021. Sharti ni kwamba nchi inayoomba iwe na mahakama huru na ulinzi wa kweli wa haki za raia. Pengine ndiyo sababu serikali nyingi zinaona ni rahisi zaidi kudai seva.

Juni 2021 Rais Macky Sall wa Senegal alizindua kituo cha data cha taifa huko Diamniadio na kuagiza mifumo ya serikali ihamishiwe hapo, kwa ajili ya kulinda mamlaka ya kidijitali ya nchi. Kituo chenyewe kilijengwa kwa mkopo wa China na vifaa vya Huawei. Sisemi kuna ubaya. Nchi inakopa inapopata. Ila yafaa tukubaliane kwamba mamlaka yaliyotajwa siku ile yana mkopeshaji, yana muuza vifaa, na yana mtu wa kupigiwa simu kifaa kikigoma.

Sasa nije kwa mafundi. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, kwa umbo lake la msingi, ni chumba chenye swichi, yaani mtambo wa kuunganisha mitandao, ambamo watoa huduma wanaoshindana sokoni huunganisha nyaya zao ili wateja wao wafikiane moja kwa moja. Kisipokuwepo, mteja wa kampuni moja akimwandikia mteja wa kampuni nyingine mji uleule, ujumbe hupanda kwenda nje na kushuka tena, na kila safari inalipiwa kwa dola. Watoa huduma wa Kenya waliwasha kituo chao, KIXP, Novemba 2000. Hakikumaliza mwezi. Mdhibiti wa mawasiliano aliagiza kizimwe baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinaingilia haki yake ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Wenye kituo walijibu kwamba hakibebi chochote cha kimataifa na kwamba kimejengwa kwa sababu hiyohiyo. Leseni ilipatikana Novemba 2001, na kituo kikarudi kazini Februari 2002. Yaani data zilijaribu kukaa nyumbani, na taasisi ya umma ikazirudisha ng'ambo. Kisa hiki sijakisikia kikitajwa na mawaziri wanapohutubia juu ya mamlaka ya kidijitali.

Tangu hapo kumetokea takwimu moja ambayo wapenda vituo vya namna hii huitaja kila wanapopewa kipaza sauti, na mimi pia naipenda, ingawa inanisumbua. Mwaka 2012, katika Kenya na Nigeria, kama asilimia 30 tu ya mzigo wote wa intaneti, yaani data zinazopita mtandaoni, ilipatikana ndani ya nchi. Uliobaki uliagizwa kutoka nje. Kufikia 2020, kwa mujibu wa utafiti wa Internet Society, shirika la kimataifa linalotetea ukuaji wa intaneti, uwiano ulikuwa umegeuka: asilimia 70 ndani. Kilele cha mzigo KIXP kilipanda kutoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi 19. Katika kituo cha Nigeria, IXPN, kilitoka megabiti 300 hadi gigabiti 125. Akiba ilikadiriwa kuwa dola milioni 6 kwa mwaka Kenya na milioni 40 Nigeria.

Hapo watu hupiga makofi. Lakini ifungue hiyo 70 uone kilichomo. Sehemu kubwa ni video za YouTube, picha za Facebook na masasisho ya programu: vitu vya nje vilivyonakiliwa kwenye seva za karibu ili visivuke bahari kila mtu anapovitaka. Mdai amri atauliza, na ana haki ya kuuliza: mamlaka gani haya? Si umejenga ghala la bidhaa za watu tu?

Swali hilo halijibiwi kwa kulipuuza. Mimi nalijibu hivi. Nakala hizo hazikuja kwa huruma. Zilikuja kwa sababu palikuwa na mahali pamoja pa kuwafikia watoa huduma wote, na kwa sababu sasa kuna vituo vya data visivyomilikiwa na kampuni yoyote ya simu, ambamo mshindani hahofii kuweka mtambo wake. Miundombinu hiyo haimbagui mwenyeji. Mwandishi wa programu, gazeti au hospitali inayotaka kuhifadhi data nchini leo inaingia kwenye chumba kilekile, inawafikia watumiaji kwa milisekunde chache, na inalipa bei iliyoshuka kwa sababu mzigo wa video umegharimia swichi na nyaya. Amri iliyotolewa kabla ya vituo hivi kuwepo ingemlazimisha mtu huyo kuweka seva yake mahali ambapo hata jirani yake angeifikia kupitia London.

Ipo hoja nyingine ndani ya takwimu hiyohiyo ambayo sijaona ikichimbwa vya kutosha. Nigeria ilikuwa na miongozo ya mwaka 2013 iliyotaka data za serikali na za wateja zihifadhiwe nchini, kwa hiyo huwezi kudai amri haikuwepo kabisa. Kenya haikuwa na amri ya jumla ya namna hiyo. Sheria yake ya ulinzi wa data ilikuja Novemba 2019, kipindi hicho cha 2012 hadi 2020 kikielekea ukingoni. Nchi moja ilikuwa na agizo, nyingine haikuwa nalo, na zote mbili zikatoka 30 zikafika 70. Mtafiti makini atakwambia nchi mbili hazitoshi kuthibitisha kitu, naye atakuwa sahihi. Lakini anayeidai amri ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha iliongeza nini.

Kukatika kwa nyaya za baharini kumezipa nguvu pande zote mbili. Tarehe 14 Machi 2024 nyaya nne, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, zilikatika karibu na pwani ya Abidjan, na nchi nyingi za Afrika Magharibi zikakosa mtandao au zikabaki na wa kusuasua. Tarehe 12 Mei ikawa zamu ya EASSy na Seacom upande wa mashariki. Mdai amri anasema: mnaona sasa? Na kweli, tovuti iliyohifadhiwa Ulaya haifikiki hata na jirani wakati waya umekatika. Ila seva kuwepo nchini hakutoshi ikiwa mtoa huduma wako na wangu hawajaunganishwa humo humo nchini. Mawasiliano yetu bado yataelekea baharini na kukuta waya umekatika. Na hata kama tumeunganishwa, mfumo wa ndani unaothibitisha nywila kwenye seva ya ng'ambo utagoma vilevile. Kinachookoa siku kama ile ni mpangilio mzima, na mpangilio huo hupatikana kwa kazi ya miaka.

Na kuna hofu inayosemwa kwa sauti ya chini kwenye mikutano. Kati ya Novemba na Desemba 2022 Jukwaa la Umoja wa Mataifa la Usimamizi wa Intaneti lilikutana Addis Ababa, huku mkoa wa Tigray, ndani ya Ethiopia hiyohiyo, ukiwa umekatiwa mawasiliano tangu Novemba 2020. Mwanahabari au wakili anayeona mambo hayo hasukumwi na mapenzi kwa makampuni ya California anapoiweka barua yake kwenye seva ya mbali. Anaogopa mkono ulio karibu. Ukitaka arudi, mpe kwanza tume ya ulinzi wa data yenye meno na jaji anayeweza kuikatalia polisi.

Zipo data ambazo ningekubali ziamuriwe kukaa nchini hata kesho: rejesta ya vitambulisho, hati za ardhi, mafaili ya wagonjwa wa hospitali za umma. Ni za dola, na dola haina wa kumwomba ruhusa. Hata hizo ziwe na nakala nje. Estonia, inayojua kwamba jirani yake ni Urusi, ilitia saini na Luxembourg mwaka 2017 ili iweke huko nakala za rejesta zake muhimu kwenye seva zenye kinga kama ya ubalozi. Sheria inayosema "ndani tu" ingeikataza kufanya hivyo.

Kwa mengine yote, serikali ianze na mzigo wake yenyewe. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilijiunga na KIXP kama mwanachama, na walipakodi na waagizaji wa bidhaa wakawa wanaufikia mfumo wake bila kupita ng'ambo. Wizara, vyuo vikuu na mifuko ya hifadhi ya jamii inaweza kufanya vivyo hivyo. Na serikali, ambayo mara nyingi ni mteja mkubwa kuliko wote wa intaneti nchini, inaweza kuandika kwenye zabuni zake kwamba haitanunua kutoka kwa kampuni isiyounganishwa kwenye kituo cha nchi. Hilo halihitaji bunge; linahitaji ofisa manunuzi anayejua kituo hicho kiko jengo gani.