Daraja kwa Miaka au kwa Kazi? Kupanda Vyeo Katika Mji wa Watumishi

Dodoma ni mji wa watumishi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku, na wizara zikajengwa Mtumba, habari ya nani kapanda daraja na nani kakwama imekuwa ya mtaani kama bei ya mahindi Kibaigwa. Mwenye nyumba wa Ilazo anaiulizia, dalali wa viwanja Ihumwa anaiulizia, na afisa mikopo wa benki anaiulizia kuliko wote. Daraja likipanda, mshahara nao unapanda. Na kwa kuwa makato hayaruhusiwi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, kila daraja jipya linampa nafasi ya kukopa tena, amalizie nyumba au alipe ada.

Ndiyo maana ubishi kuhusu kigezo cha kupanda ni mkali. Wapo wanaosema muda uheshimiwe: umetimiza miaka, huna kosa la nidhamu, panda. Wengine wanasema kazi ndiyo ipimwe, kwani aliyesinzia miaka minne hawezi kulingana na aliyejituma. Serikali imeegemea upande huu wa pili, angalau kwa maandishi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja, lakini zinagombania kitu kimoja wakati vitu ni viwili.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Kila kada ina Muundo wa Maendeleo ya Utumishi unaoonyesha ngazi zake. Afisa mwenye shahada kwa kawaida anaanzia Daraja la II, anapanda Daraja la I, anakuwa Mwandamizi, kisha Mkuu. Kwa walimu, ambao ngazi zao za mshahara huitwa TGTS, wa stashahada anaanzia TGTS C, wa shahada TGTS D. Ili upande, sharti uwe umethibitishwa kazini, utimize miaka inayotakiwa katika cheo ulichonacho na tathmini yako iwe nzuri. Mwajiri anaandaa tange, orodha ya watumishi kwa kufuata ukubwa kazini, na majina yanaombewa kibali. Walimu wanashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini hata ukitimiza yote hayo, bado nafasi iwepo kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na fedha iwepo kwenye bajeti ya mishahara. Wengi hukwama hapo, na hakuna juhudi ya mtu binafsi inayoweza kuwakwamua.

Wanaotetea muda wana ushahidi. Katikati ya mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti feki. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihitajika, na ninautetea hadi leo. Ila gharama yake ilibebwa pia na waliokuwa na vyeti halali. Chukua mwalimu wa shahada aliyeajiriwa mwaka 2012 na kupangiwa sekondari moja wilayani Mpwapwa. Kwa hesabu ya miaka minne, zamu yake ya kwenda TGTS E ilikuwa 2016, mwaka uleule zoezi liliposimamishwa. Liliporejea, mwalimu wa namna hiyo alijikuta kwenye daraja moja na waliomkuta kazini, wale aliowaonyesha yeye jinsi ya kuandaa azimio la kazi. Baada ya ahadi ya Rais Samia kwenye Mei Mosi ya 2021 kule Mwanza, upandishaji ulishika kasi, na waliocheleweshwa wakaanza kupandishwa kwa mserereko ili wafikie daraja walilostahili. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Lakini mserereko unamrudishia mtu daraja. Miaka aliyolipwa mshahara wa chini wakati watoto wako shule haumrudishii.

Tena hasara haiishii kazini. Mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukokotolewa kwa kuangalia mishahara ya miaka ya mwisho ya utumishi. Anayestaafu akiwa na miaka 60 huku yuko nyuma daraja moja, atabaki nyuma kwenye mkupuo na kwenye pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake.

Na muda una sifa nyingine ambayo wakubwa maofisini huwa hawaitaji: haubembelezeki. Tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya ajira haibadiliki kwa sababu ulimpinga mkuu wako kikaoni, au hukuchangia harusi ya mwanawe, au ulikataa mambo mengine ambayo wafanyakazi wa kike wanayajua na huyasema kwa sauti ya chini.

Sasa wanaotetea utendaji. Kwa miaka mingi tulikuwa na OPRAS, mfumo wa kupima utendaji kwa fomu za karatasi. Mtumishi alijipa alama, mkuu akasaini, faili likarudi kabatini. Mwaka 2023 ikaletwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki: mtumishi anaingiza malengo ya mwaka, anayagawa kuwa majukumu madogo, anaripoti alichofanya, na msimamizi anathibitisha na kutoa alama. Nia yake naiunga mkono kabisa. Nenda kituo cha afya chochote utaambiwa na wagonjwa wenyewe ni muuguzi gani wanamsubiri, na ni yupi anaingia saa nne na kuondoka saa nane. Kuwapandisha wote wawili siku moja ni kumdhulumu wa kwanza, na mwishowe naye atajifunza kuingia saa nne.

Tatizo ni kwamba mfumo unaona kile kilichoripotiwa. Fikiria muuguzi wa zahanati ya kijiji wilayani Bahi. Amezalisha usiku kucha, asubuhi ana kliniki ya chanjo, mchana anajaza rejista za wagonjwa kwa mkono kwa sababu takwimu zinadaiwa wilayani. Anapopata nafasi ya kushika simu aingie kwenye mfumo, mtandao unasuasua, na kifurushi ni cha mfukoni mwake. Afisa wa Mtumba mwenye kompyuta mezani na intaneti ya ofisi anajaza taarifa zake kabla ya chai. Kwenye mfumo, mchapakazi ni huyu wa pili.

Kuna pia suala la anayetoa alama. Mwalimu mkuu anaishi kijiji kimoja na walimu wake, wanazikana, wanakopeshana. Kumpa mmoja wao alama za chini ni kutangaza ugomvi utakaofika hadi kisimani. Kwa hiyo wengi wataonekana wazuri, alama zitalingana, na mwisho tutarudi kwenye tange ileile tuliyotaka kuiacha. Mkuu mwenye chuki, kwa upande wake, amepewa rungu jipya. Sioni jinsi programu ya kompyuta inavyoweza kutibu hayo kama msimamizi hajafundishwa kupima na hawajibishwi kwa alama anazotoa.

Hukumu yangu ni hii: daraja na uongozi vitenganishwe. Daraja la kitaalamu ni malipo ya uzoefu. Mwalimu aliyefundisha hesabu miaka 12 anajua ni wapi mtoto wa darasa la tano atakwama kwenye sehemu, na hilo halisomwi chuoni. Daraja lifuate muda, na tathmini iwe ya kumzuia tu yule ambaye kila mtu anaona hafanyi kazi. Huyo aandikiwe sababu na apewe nafasi ya kukata rufaa. Kiti cha uongozi ni jambo jingine. Mkuu wa shule, mkuu wa kitengo, mkuu wa idara: hawa wasipatikane kwa foleni hata kidogo. Wahojiwe, washindanishwe, kazi zao za nyuma zikaguliwe.

Leo tumefanya kinyume. Daraja, ambalo lingepaswa kuwa karibu haki, linapiganiwa. Uongozi, ambao ungepaswa kupiganiwa, mara nyingi mtu anaupata kwa kukaimu. Kanuni zinataka kukaimu kusizidi miezi sita, lakini ofisi zenye wakaimu wa mwaka na zaidi wanaosubiri upekuzi na uteuzi hazitafutwi kwa tochi. Anayekaimu haamui. Anaahirisha, anaandika dokezo kwenda juu, anamwogopa kila mtu, kwa sababu kesho anaweza kurudishwa mezani pake. Kisha huyohuyo ndiye anayewapa wenzake alama za PEPMIS.

Nitaambiwa kwamba kumpandisha kila aliyetimiza muda kutavimbisha bajeti ya mishahara. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa, hasa katika nchi ambayo vijana wenye vyeti vya ualimu na uuguzi bado wako nyumbani wakisubiri ajira. Lakini gharama hii haishtukizi. Mwajiri anajua leo ni nani atatimiza miaka yake mwaka kesho, na keshokutwa, na miaka mitano ijayo. Tarehe za ajira anazo. Kuchelewesha hakuokoi fedha, kunalimbikiza deni, na mserereko umetuonyesha hivyo. Na aliye katikati hana njia nyingine kubwa. Nyongeza ya asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi 2025 mjini Singida ilikuwa ya kima cha chini, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Mwandamizi wa miaka 15 kazini anategemea daraja.

Sekta binafsi haina tange. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, hata katika kupandisha vyeo, lakini mhudumu wa hoteli mjini hapa atapanda pale mwajiri atakapoona inafaa. Wapo wanaopanda haraka kuliko mtumishi yeyote wa Serikali, na wapo wanaozeeka kwenye kazi ileile.

Kwa walio serikalini, hatua ya kwanza haihitaji hata sheria mpya. Tange iwe wazi. Mtumishi tayari anaomba uhamisho kwa simu yake kupitia mfumo wa Utumishi. Humohumo aone jina lake ni la ngapi, nani yuko mbele yake, zamu yake imewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani, na kama amerukwa, sababu iliyoandikwa na jina la aliyeiandika. Mtumishi wa kijijini Kondoa asilazimike kupoteza siku nzima na nauli kwenda halmashauri kuulizia barua ambayo pengine haijaandikwa.