Mama Mkwe na Koki za Texas

Nilipohama Minnesota kwenda Fort Worth, Texas, koleo langu la theluji niligawa bure. Koleo la nini, mahali ambapo nyumba zinajengwa kwa kuogopa jua? Hata mabomba ya maji wameyapitisha darini.

Februari 2021 ikatukuta na kichanga ndani, na mama mkwe kafika kutoka Kimara, Dar es Salaam, kumuuguza mzazi. Mama ni Kimara damu: maji ya mgao yakitoka saa nane usiku, yeye yuko macho na ndoo.

Jumatatu baridi ikatushukia, umeme ukakatika, hita ikazima. Tukaambiwa tuache koki zidondoshe maji usiku kucha na tufungue makabati ya chini ya sinki. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9. Barafu ikiziba bomba na koki imefungwa, maji yaliyobanwa katikati hayana pa kukimbilia, bomba linapasuka. Nikazilegeza koki zote, nikalala na koti.

Nje ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Mama akaamka kuswali alfajiri, akasikia to, to, to.

Asubuhi nikakuta koki zote zimekazwa. Ya bafuni, ambayo ni korofi kidogo, ilikuwa imefungwa kipande cha kanga, mafundo mawili.

"Baba, nyumba nzuri, ila koki zenu zinavuja. Nimeshazifunga."

Mkwe haambiwi kaharibu. Nikasema, "Ahsante mama." Nikafungua moja. Haikutoa hata tone.

Ijumaa jua likawaka, barafu ikayeyuka, na dari la sebuleni likaanza kufura. Nikawahi kuisogeza televisheni, nikachelewa kujisogeza mwenyewe. Jipsamu ikaja yote, na ile sufi ya pinki ya kuzuia joto, na maji nyuma yake. Nikatoka mbio na kandambili kutafuta koki kuu, ambayo kwa akili za huku iko kwenye kisanduku cha mita, ardhini, karibu na barabara. Juu yake barafu. Koleo sina. Nikachimba kwa mwiko wa ugali, jirani ananitazama dirishani.

Narudi ndani natetemeka, namkuta mama katikati ya sebule, kanga kaikaza kiunoni, amepanga ndoo, masufuria na beseni la mtoto, uso unang'aa.

"Mbona umeyafunga? Hizi mbili hazijajaa!"

Nikajikohoza tu. Na kusema kweli, wakati watu mtaani wanayeyusha theluji ili wapate maji ya chooni, sisi tulikuwa nayo ya kugawa. Jirani yetu Mkongomani akaja na dumu: "Mama, mayi iko?" Mama akamjazia mpaka shingoni, akamwomba asimwage njiani.

Fundi bomba tulimsubiri sana, maana mji mzima ulikuwa unamtafuta yeye. Alipofika akapanda darini, akashuka na kipande cha bomba la shaba kilichochanika kwa urefu, akaniuliza kwa Kiingereza kama usiku ule tuliacha koki zikidondosha.

"Anasemaje?" akauliza mama, ameshika birika.

"Anaisifia chai yako, mama."

"Mpe nyingine. Halafu mwambie akishamaliza huko juu, aziangalie na koki. Usiku zinavuja zote."