Watendaji Wakuu wa Teknolojia na Visa Ambavyo Hatujaviandika

Kampuni za simu, mabenki na taasisi zinazoendesha mifumo ya kompyuta nchini hutumia fedha nyingi kuwapeleka watendaji wao wakuu masomoni, na mimi sina ugomvi na matumizi hayo. Mtu aliyeanza kazi akiwa fundi wa minara au mwandishi wa programu, akapanda hadi kuongoza mamia ya watu na kuidhinisha mabilioni ya shilingi, lazima afundishwe upya, kwa sababu ujuzi uliompandisha cheo siyo atakaoutegemea akishafika juu. Ugomvi wangu ni juu ya kile anachosomeshwa. Ninaishi Mtwara, na kazi yangu ni kuwafundisha makarani na makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika kutumia mifumo ambayo wakubwa hao wameiamua wakiwa Dar es Salaam au Dodoma, kwa hiyo ninayaona maamuzi yao yakiwa yameshafika kwa mkulima.

Elimu ya aina hii ina umri mkubwa. Chuo cha MIT nchini Marekani kilianza kuwafundisha wasimamizi waliokwisha kuwa kazini mwaka 1931, Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha shahada ya uzamili ya biashara kwa watendaji mwaka 1943, na Harvard ikaanzisha kozi yake ya viongozi waandamizi mwaka 1945, vita vikuu vilipokuwa vinamalizika. Harvard ndiyo iliyoeneza mbinu ya kufundisha kwa visa. Darasa hupewa maelezo ya kampuni halisi iliyofika mahali pa kuamua, pamoja na hesabu zake, watu wake na mabishano yao ya ndani, lakini halipewi mwisho wake, na kila aliyemo darasani hulazimika kusema angefanya nini na kuutetea uamuzi huo mbele ya wenzake wenye vyeo kama chake. Ni mbinu nzuri kwelikweli, maana mtendaji mkuu ofisini kwake ni nadra sana kupingwa na mtu yeyote.

Hata hivyo, kozi fupi za watendaji kwa kawaida hazina mtihani wa kufeli. Anayehudhuria hadi mwisho hupewa cheti, hupigwa picha na kurudi kazini, na mwajiri aliyelipa makumi ya maelfu ya dola hana njia ya kujua kama amenunua maarifa au safari. (Nimewahi kuingia ofisi moja ambayo ukuta wake ulijaa vyeti vya namna hiyo, wakati mfumo wa ofisi hiyo hiyo ulikuwa umezimika tangu asubuhi.) Kinachobaki kuipa kozi thamani, basi, ni visa vyenyewe na jinsi vinavyofanana na maamuzi yanayomsubiri mtu nyumbani.

Kampuni kubwa za teknolojia zililielewa hilo mapema. Intel, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya kutengeneza chipu za kumbukumbu, iliamua mwaka 1985 kuachana na biashara hiyo baada ya kuzidiwa na Wajapani, ikageukia vichakataji, yaani chipu zinazofanya hesabu na kuendesha kompyuta. Andy Grove, aliyekuwa mmoja wa walioufanya uamuzi huo mchungu, alifundisha kwa miaka mingi katika shule ya biashara ya Stanford pamoja na mwanazuoni Robert Burgelman, na historia ya Intel ikawa mali ya darasa. Apple nayo ilimchukua Joel Podolny, aliyekuwa mkuu wa shule ya biashara ya Yale, mwaka 2008 ili ajenge chuo cha ndani ambamo viongozi wake husomeshwa maamuzi ya Apple yenyewe. Satya Nadella, aliyekuja kuwa mtendaji mkuu wa Microsoft, alipata shahada yake ya uzamili ya biashara Chicago mwaka 1997 huku akiendelea na kazi Microsoft, magharibi mwa Marekani, kwa hiyo aliyoyasikia darasani aliweza kuyapima kazini wiki hiyo hiyo.

Mtendaji wetu yeye husomeshwa Kodak, kampuni ya filamu na kamera, ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, kisha kampuni ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 2012. Husomeshwa Nokia, iliyotamba kwa simu za mkononi kisha ikapitwa na simu janja. Akibahatika, husomeshwa M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na hapo jambo huwa la ajabu kidogo, kwani hulipa nauli na ada ya dola kwenda kuelezwa na mgeni namna mama muuza samaki wa pwani yetu anavyotuma fedha. Sisemi Kodak haina funzo. Ninasema kwamba yapo mambo yaliyotokea hapa Kusini katika miaka michache iliyopita ambayo kiongozi wa kampuni ya teknolojia akiyachambua kwa siku tatu atatoka jasho zaidi.

Chukua mwezi Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitufikia, na mvua iliyofuatana nacho ikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, mabasi na malori yakakwama. Kabla watu hawajamaliza kuhesabu hasara, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zikapata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini kote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kenya, yenye nyaya nyingine zinazotua Mombasa, ilipata nafuu kuliko sisi. Isitoshe, Seacom ilikuwa imeshakatwa upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari, wakati wa mashambulizi dhidi ya meli, kwa hiyo njia ya kaskazini ya waya huo ilikuwa imekufa miezi kadhaa kabla njia ya kusini haijafa.

Sasa mweke mtendaji mkuu mbele ya kisa hicho, lakini umweke mwezi Machi 2024 na si Mei. Anajua kwamba njia moja imekatwa. Mkurugenzi wake wa mitambo anataka anunue uwezo wa ziada katika njia nyingine, uwezo ambao utalipiwa kila mwezi na pengine usitumike hata siku moja. Mkurugenzi wa fedha anapinga, na hesabu zake ni sahihi. Bodi inasubiri gawio. Je, analipa? Na swali gumu zaidi ni kama anajua, bila kumpigia simu mtu yeyote, ni huduma zipi za kampuni yake zinazotegemea mitambo iliyoko ng'ambo. Muamala wa simu unaopita kwenye mitambo iliyopo nchini ni jambo moja, ilhali programu ya ofisi iliyohifadhiwa Ulaya ni jambo jingine, na siku kama ile ya Mei karani wa Nanyamba, huku Mtwara, huona tofauti hiyo waziwazi, ingawa bosi aliyesaini mkataba wa programu hiyo huenda hajawahi kuifikiria. Barabara nayo imo katika kisa hiki hiki, kwa kuwa fundi, vipuri na mafuta ya jenereta ya mnara hupita Somanga. Sijawahi kuona kisa cha Kodak chenye mtego mzuri kuliko huu.

Kisa cha pili ni cha minada. Kwa miaka mingi wanunuzi wa korosho katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mazao ya wakulima hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, walitumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima na bei zikasomwa kwa sauti. Katika msimu wa 2024/2025 minada hiyo ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX, na wakulima wa vyama vikuu vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao wakaanza kuuza kwa njia hiyo. Mimi ninauunga mkono, kwa sababu mnunuzi hahitaji tena kuwepo ukumbini, na kumbukumbu hubaki. Lakini mzee wa Kitangari ambaye jana aliona sanduku likifunguliwa kwa macho yake leo anaoneshwa namba kwenye ukuta, na bado ndiye mwenye haki ya kuikubali bei au kuikataa. Kiongozi wa mradi wa namna hii hawezi kuisoma imani ya mzee huyo kwenye ripoti ya majaribio ya programu. Angepaswa kukaa kwenye benchi la mnada, amsikilize katibu wa chama cha msingi akiulizwa maswali ambayo yeye bosi ndiye aliyestahili kuulizwa: nani ameingiza bei hii, nani anaweza kuibadilisha, na mtandao ukikatika katikati ya mnada bei inayohesabika ni ipi.

Kuhusu taarifa za wakulima nitasema kwa ufupi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na daftari lolote lenye majina, namba za simu, akaunti za benki na ukubwa wa mashamba linamhusu kiongozi mwenyewe kabla halijamhusu fundi wake.

Walimu wa kuyafundisha haya wapo. Taasisi ya UONGOZI inaendesha stashahada ya uzamili ya uongozi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi ya mashariki na kusini mwa Afrika, ipo Arusha kwa miongo kadhaa sasa, na Shule ya Biashara ya Strathmore haiko mbali kwa anayetaka Nairobi. Hapa Mtwara tuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, vyenye wahadhiri wanaoweza kukusanya ushahidi wa kisa bila kulipiwa ndege. Pendekezo langu ni kwamba kila kozi ya watendaji wakuu wa TEHAMA inayolipiwa na kampuni au taasisi ya Kitanzania iwe na juma moja huku Kusini kati ya Oktoba na Novemba, minada ikiwa imepamba moto, na kila mshiriki aje na uamuzi mmoja halisi ambao ofisi yake haijaufanya. Auandike kabla ya kuja, auandike tena akiwa anaondoka, na karatasi zote mbili ziende kwenye bodi yake. Huo ndio utakuwa mtihani.

Najua nitajibiwa kwamba kampuni haziwezi kufungua mafaili yao kwa wahadhiri, kwa kuwa washindani watasoma. Hoja hiyo ina uzito, ila imeshapatiwa dawa zamani. Harvard haichapishi kisa cha kampuni iliyoshirikiana nayo kabla kampuni hiyo haijaridhia maandishi ya mwisho, na inapolazimu, majina na takwimu hufichwa huku uamuzi wenyewe ukibaki ulivyo. Kampuni ya simu inayoogopa kuyaeleza ya mwezi huu inaweza kuanza na ya Mei 2024, ambayo wateja wake wote wanayajua tayari. Kinachokosekana ni kumbukumbu za vikao vya Machi na Aprili, pamoja na mtendaji mmoja aliye tayari kukaa mbele ya darasa na kuulizwa kwa nini aliamua vile.