Ruzuku ya mradi na ruzuku huru: nani abebe hatari?

Kikundi cha kijamii kikitangaza kwamba kimepata ruzuku, watu huuliza ni kiasi gani. Mimi huuliza fedha zimefungwa vipi, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa kama kikundi kitakuwepo mradi ukiisha.

Ruzuku nyingi ni za mradi. Kikundi huwasilisha andiko lenye shughuli, viashiria na mafungu ya bajeti, kisha hulipwa kwa awamu, na kila matumizi lazima yawe na risiti inayolingana na fungu lake. Upande wa pili wapo wanaotaka ruzuku huru: mfadhili akague uongozi na kazi ya kikundi, akiridhika atoe fedha, na kikundi chenyewe kiamue zitumikeje.

Wanaotetea masharti wana hoja nzito, na si haki kuwachukulia kama watu wasiowaamini maskini. Fedha nyingi za ruzuku ni za walipa kodi, na ofisi ya umma haiwezi kumjibu mkaguzi kwamba "tuliwaamini tu". Tena masharti huwalinda hata wapokeaji. Mwenyekiti akimjia mweka hazina na kumwomba "nipe kidogo, nitarudisha mwisho wa mwezi", mweka hazina mwenye mkataba mkali mkononi ana jibu ambalo halivunji undugu: mkataba hauruhusu. Akinyang'anywa mkataba huo, anabaki peke yake mbele ya mtu ambaye pengine ni mzee wake. Watetezi wa ruzuku huru hawaligusi sana jambo hili, na wangepaswa kuligusa.

Lakini tutazame masharti hayo yanavyofanya kazi. Chukua kikundi kinachofundisha watu wazima kusoma na kuandika. Bajeti ina fungu la vitabu na fungu la posho za wakufunzi. Mhasibu hana fungu. Kwa hiyo mratibu hufundisha mchana, na usiku hupanga risiti kwenye bahasha. Kama wafadhili ni watatu, kila mmoja ana fomu yake na mwaka wake wa fedha, na bili moja ya umeme inabidi igawanywe mara tatu kwa maelezo. Paa la darasa likianza kuvuja, fungu la ukarabati limeshakauka, ingawa la semina bado limejaa. Kuhamisha fedha kunahitaji kibali cha maandishi, na kibali kinachelewa. Mwaka unaelekea ukingoni na fedha zisipotumika zitarudishwa. Basi inafanyika semina nyingine, chini ya paa lilelile. Kwenye taarifa kila kitu kimekwenda sawa.

Kiini cha tatizo ni gharama za uendeshaji: kodi ya ofisi, uhasibu, ukaguzi, mshahara wa mtu anayeshika simu. Serikali ya Marekani kwa miaka mingi iliwaruhusu wapokeaji wa ruzuku ambao hawajajadiliana nayo kiwango chao cha gharama hizo kudai asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili hiyo. Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Mashirika makubwa, yenye wanasheria na wahasibu wa kutosha, hujadiliana viwango vyao wenyewe. Yaani asiye na mhasibu ndiye anayeishia kwenye kiwango kisichomtosha kuajiri mhasibu.

Halafu ikaja 2025. Januari ya mwaka huo serikali hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuikagua upya, na kufikia Machi ilitangaza kwamba imefuta asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada ya nje. Ruzuku ya mradi kwa kawaida hairuhusu kuweka akiba. Vikundi vilivyoitegemea vilijikuta havina hata fedha za kuwaaga wafanyakazi wao vizuri. Kwangu hili ndilo doa kubwa la mfumo huu: unamkinga mtoaji dhidi ya hatari ya wizi, na hatari ya mtoaji kubadili nia anaachiwa mpokeaji abebe yote.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa kwa fedha za kweli. MacKenzie Scott, bilionea wa Marekani, amekuwa akitoa ruzuku huru tangu 2020. Mwezi Machi 2024, baada ya wito wa wazi kwa mashirika ya kijamii ya Marekani, yalichaguliwa mashirika 361 kupokea jumla ya dola milioni 640, kila moja likipata milioni moja au mbili. Kinachonivutia zaidi ya kiasi hicho ni kwamba waombaji walishiriki kupima maombi ya wenzao kabla ya jopo la nje kuyatazama. Mtu anayeifanya kazi hiyohiyo hugundua haraka andiko lililopambwa.

Hata hivyo tajiri anayetoa mali yake haulizwi na bunge, kwa hiyo njia yake haiwezi kuhamishiwa serikalini kama ilivyo. Na ruzuku huru ikiangukia kikundi ambacho bodi yake ni mwanzilishi na jamaa zake, fedha zinapotea na hakuna wa kuuliza.

Ninaegemea ruzuku huru ya miaka kadhaa, kwa sharti moja ambalo nisingelilegeza: hesabu zisomwe hadharani mbele ya wanaohudumiwa, kwa lugha yao, na wawe na nafasi ya kuuliza. Hilo humpa mweka hazina ngao ileile aliyopewa na mkataba. Kwa ruzuku ndogo, fomu ya kurasa mbili inatosha. Ukali wa ukaguzi uongezeke kadiri fedha zinavyoongezeka.

Mashirika ya kati, yanayopokea fedha kwa mfadhili na kuzipitisha kwa vikundi vidogo, nayo yabanwe. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa ya misaada ya kibinadamu walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada hiyo ziwafikie watendaji wa ndani ya nchi zinazosaidiwa moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo halikufikiwa. Fedha bado hupitia kwa shirika kubwa ambalo mara nyingi hubaki na fungu la uendeshaji na kuteremsha masharti tu. Mfadhili anaweza kulizuia hilo kwa kifungu kimoja cha mkataba: asilimia ya uendeshaji anayopewa wa juu, wa chini naye apewe hiyohiyo.