Mgeni njoo, mwenyeji avunjike magoti

Jamani hivi nani aliwaambia watu kwamba Nizhny Novgorod kuna ngazi? Mimi niko huku Urusi nasoma, mwaka wa tatu sasa, na kila mgeni anayetua hata begi hajashusha utasikia eti ile ngazi iko wapi. Safari hii kaja mjomba kutoka Kigamboni.

Wanaiita ngazi ya Chkalov, inaanzia juu kwenye ngome yao ya matofali mekundu (Kremlin, minara 13, mjomba kaipita kama anapita kituo cha daladala) inateremka mpaka ukingoni mwa mto Volga. Waliijenga miaka ya 40, mateka wa Kijerumani nao wakashikishwa sepetu. Huyo Chkalov alikuwa rubani, 1937 katoka Moscow kapita juu ya Ncha ya Kaskazini mpaka Marekani bila kutua. Sasa mtu kazi yake kuruka nyie mnampa ngazi? Si bora hata lifti!

Kushuka raha tu, mjomba anahesabu kwa sauti kama konda anayehesabu vichwa. Mia mbili na kitu hivi, kosa langu, nikamuuliza kama ana kiu. Namba ikapotea. Akageuka anapanda eti tuanze upya! Nikamwambia mjomba zimeshahesabiwa, ziko 442. Akasema na zile za upande ule? Maana ngazi yenyewe imekaa kama namba nane, inaachana inakutana, ukijumlisha pande zote ni 560. Hapo ndo nikajua leo nimekwisha.

Tumefika chini, kautazama mto. "Hapa hakuna pantoni?" Nikamwonesha picha kwenye simu, kuna vibanda vinaning'inia kwenye waya vinavusha watu mpaka Bor, mji wa ng'ambo, zaidi ya kilomita 3 na nusu. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema tupande ngazi.

Begi nabeba mimi bwana, lina maji lita mbili na mayai ya kuchemsha. Kila ngazi zinapokutana anakaa, anamenya yai taratiiibu, maganda anaweka kwenye kofia yangu. "Mpwa, huu mji si ndo ule uliitwa Gorky?" Ndiyo mjomba, 1932 mpaka 1990, na miaka mingi wageni toka nje walikuwa hawaruhusiwi kuingia. "Acha wee!" Kweli mjomba. (Moyoni nasema wangeufunga tena hata wiki hii moja tu.) Na mwezi wa sita huku saa mbili na nusu usiku jua bado lipo, kwa hiyo hata ile ya mjomba giza linaingia turudi haina kazi.

Juu tukafika, mimi nahema kama mbuzi wa mnadani. Mjomba kapiga picha na sanamu ya rubani, katupia kwenye grupu la ukoo: NIMEPANDA ZOTE 560.

Nikamwambia mjomba, umepanda 442.

Akanyamaza kidogo, akachungulia kule chini, akaniuliza mayai yamebaki mangapi.