Na Nge, Utabiri Wake Ulisemaje?

Rafiki yangu mmoja ni Mapacha, nyota inayotawaliwa na sayari ya Utaridi, na kwa hiyo kukaa na siri hakuko katika uwezo wake. Nilimsimulia yaliyonipata katika usaili nikiwa bado natetemeka, na kabla ya jioni habari ilikuwa imekwisha kuwafikia wengi wenu ikiwa imetiwa chumvi. Naona ni heri niieleze mwenyewe. Mnaodai kwamba nilimwambia mwenyekiti wa jopo kuwa anapoteza muda wake, mmepotoshwa. Nilichosema ni kibaya zaidi, na nilikisema kwa adabu zote.

Mwisho wa Julai kazi hulala. Wakubwa wako likizo, barua hazijibiwi, na aliyebaki nyuma huanza kuichunguza nafsi yake kwa kuwa hana mwingine wa kumchunguza. Nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipokutana na utabiri wa wiki wa nyota yangu, yaani Kaa. Ulieleza kwamba Utaridi, ambaye wanajimu humkabidhi mawasiliano, safari na mikataba, alikuwa anarudi nyuma katika Simba. Na kwamba Kaa, ambaye mtawala wake ni Mwezi, alipaswa kuingia ndani ya gamba lake, apunguze maneno, asianzishe jambo jipya wala kutia sahihi popote, bali ayapokee ya zamani yatakayomrudia. Uliongeza kuwa nina mengi moyoni nisiyoyasema, na kwamba walio karibu nami hawajaitambua thamani yangu. Hapo nilihisi nimevuliwa nguo.

(Mnaocheka, subirini kidogo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwagawia wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake, na kwa wastani wakayapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Kwa hiyo siko peke yangu. Nina darasa zima.)

Nilitii. Niliiwekea barua pepe yangu jibu la kujituma lenyewe kwa kila atakayeniandikia, nalo lilisomeka hivi: “Salamu. Utaridi amerudi nyuma, nami nimeingia ndani ya gamba langu ili kutafakari. Sitaahidi, sitaamua wala kutia sahihi jambo lolote hadi anga litakapotulia. Kama jambo lako ni la dharura, tafadhali lihisi pamoja nami kutoka mbali.” Sentensi ya mwisho niliipenda mno, nikaisoma mara kadhaa kwa sauti.

Kisha nikapigiwa simu niitwe kwenye usaili. Kazi yenyewe nilikuwa nimeiomba muda mrefu uliopita, na kwa hesabu zangu hilo lilikuwa jambo la zamani linalorudi, kwa hiyo anga liliruhusu. Ambacho hakikunijia akilini ni kwamba mtu hupigiwa simu baada ya kuandikiwa kwanza, na kwamba barua pepe yangu siku hizo ilikuwa ikijijibia yenyewe.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo panaponichoma. Usaili ulikuwa wa njia ya video. Mwenyekiti alinisalimu, akavaa miwani, akasema kwamba kabla ya maswali angependa kuelewa jambo moja dogo. Akaanza kusoma. Alisoma kama asomaye wosia, akituama kwenye kila koma, na alipofika kwenye “lihisi pamoja nami” alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akarudia. Wakati huohuo katibu, ambaye alikuwa akinitumia nakala ya maswali, alisema kwa sauti ya chini, “Nimejibiwa tena.”

Mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni alikohoa. “Samahani, ndugu yangu,” alisema. “Mimi huzitazama sayari kwa darubini. Utaridi sasa hivi anakwenda mbele. Na hata huko kurudi nyuma ni macho yetu tu: yeye hulizunguka Jua kwa siku 88, sisi kwa 365, na kila anapotupita huonekana kwetu kana kwamba anarudi. Hutokea mara tatu au nne kwa mwaka, kwa wiki tatu hivi, na tarehe zake husogea mapema kila mwaka kwa wiki mbili na ushee. Hayo uliyoyasoma yanafanana na ya Julai ya mwaka jana.”

Niliifungua simu chini ya meza. Siku ilikuwa sawa, mwezi ulikuwa sawa, na mwaka ulikuwa umekwisha kupita. Nilikuwa nimejifungia ndani ya gamba kwa amri ya anga ambalo halipo tena.

Kama mwenyekiti angehamia kwenye maswali hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Badala yake alijiegemeza kitini, akatabasamu, akasema, “Mimi ni Nge. Utabiri wangu ulisemaje?”

Mtu mwenye akili angejibu kwamba hakumbuki. Mimi nilikuwa nimezisoma nyota zote kumi na mbili, na kumbukumbu ambayo hunitoroka kwenye kila mtihani ilisimama wima kunitetea. Nilijisikia nikisema, neno kwa neno: “Nge atakutana wiki hii na mtu atakayempotezea muda wake. Inashauriwa aagane naye kwa upole.”

Kalamu ya mwenyekiti ilisimama. Picha ya katibu ilizimika ghafla, lakini kipaza sauti chake alikisahau, na kicheko chake kilitufikia chote, pamoja na pale alipokosa pumzi. Mzee wa darubini alitazama juu, nadhani kumtafuta Utaridi.

“Kwa upole, umesema?” aliuliza mwenyekiti.

“Ndiyo, mwenyekiti.”

“Basi tunakushukuru sana kwa muda wako,” alisema, na sijawahi kusikia upole wa kiasi kile maishani mwangu.

Kazi amepewa mwingine. Lile jibu nimelizima, ingawa si kabla ya kumfikia mama mwenye nyumba, ambaye alipiga simu kutaka kujua kama katika hayo nisiyoyaahidi wiki hiyo kodi ya pango nayo imo. Nilimlipa papo hapo.